Somo Hakunifunza Baridi



Binti wa mama yangu mdogo anaolewa baada ya Ramadhani, in shaa Allah, na mumewe anaishi Uingereza. Juzi alinipigia simu kuniuliza atie nini kwenye mabegi yake. Nikamtajia makoti, soksi nzito, mafuta ya nazi ya kutosha na viungo vya pilau. Baada ya kukata simu nikaona nimemtajia kila kitu isipokuwa jambo moja, na jambo hilo lilibaki kidogo tu linitoe roho. Basi leo nalieleza hapa, ili na wengine wanaoolewa kwenye nchi za baridi walisikie.

Mimi niliolewa Unguja, mwezi wa Agosti. Kabla ya harusi nilikaa ndani na somo yangu, nikasingwa, nikapakwa hina, nikafunzwa. Alinifunza kupanga kitanda, kufukiza chumba na nguo, na kumpokea mume anaporudi kazini. Kubwa kuliko yote, alinifunza kutonung'unika. Akiniambia, "Mwanangu, mke mwenye kulalamika huibomoa nyumba kwa ulimi." Hilo nililishika sana. Lakini baridi somo hakunifunza, maana na yeye haijui. Kwetu baridi ni kipupwe, ule upepo wa Juni na Julai unaokufanya ujitupie khanga ya pili mabegani ukitoka kuswali alfajiri.

Viza yangu ilitoka Novemba. Mume wangu alikuwa kazini na hatukupata fungate yetu kama watu wengine, kwa hiyo alipopewa likizo wiki ya mwisho ya Disemba akaja na furaha kubwa. Rafiki yake ametuazima karavani, tunakwenda Lake District kwa siku tatu. Karavani, kwa asiyeijua, ni kijumba cha magurudumu kinachovutwa nyuma ya gari. Ndani mna kitanda, meza, jiko dogo la gesi na kabati, na yote hayo unayamaliza kwa hatua sita. Lake District iko kaskazini magharibi ya Uingereza. Ni nchi ya maziwa na milima, na mlima mrefu kuliko yote ya England, Scafell Pike wenye mita 978, uko huko. Nilipoiona, nikasema Subhanallah. Maji yametulia kama kioo na vilele vya milima vimepakwa theluji. Nikapiga picha nikamtumia mama.

Jua huko mwezi huo huchomoza saa mbili na nusu asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni. Mchana wote ni kama saa saba na kitu. Tulikuwa wasafiri, tukakusanya Adhuhuri na Alasiri, na kabla hujajua Magharibi imeingia na giza limeshuka.

Usiku wa kwanza hita ya gesi iliwaka vizuri. Tulipotaka kulala mume wangu akaizima ili gesi isiishe. Akaniuliza, "Unasikia baridi?" Nikamjibu, "Hata kidogo."

Uongo, dada zangu. Meno yalikuwa yakigongana ndani ya mdomo uliofumbwa. Nilikuwa nimevaa nguo zilezile nilizotembea nazo mchana, sweta juu ya sweta, na miguu ilikuwa kama ya maiti. Blanketi tatu zilikuwa juu yangu, lakini baridi ilikuwa ikipanda kutoka chini ya godoro. Alfajiri nilipogusa dirisha nikakuta linatiririka maji, na upande wa ukutani foronya imelowa. Nikadhani paa linavuja. Kumbe yalikuwa ni pumzi zetu wenyewe. Watu wawili wanapumua usiku kucha ndani ya kijumba kile, mvuke unakutana na kioo cha baridi na kugeuka maji. Na sisi tulikuwa tumetundika na makoti mabichi ya mvua humohumo ndani.

Akaniuliza tena, "Umelalaje?" Nikasema, "Alhamdulillah, vizuri."

Siku ya pili mbingu ilikuwa safi haina wingu, na usiku usio na wingu kule ndio wenye baridi kali. Ilipofika Magharibi nyuzi zilikuwa tatu chini ya sifuri. Mume wangu akawasha hita, haikuwaka. Akawasha jiko, moto mdogo wa buluu ukayumba na kufa. Akautikisa mtungi, akasikia gesi imo. Baadaye ndipo tulipojua sababu. Ule mtungi ulikuwa wa buteni, uliobaki kwenye karavani tangu safari za kiangazi. Gesi ya buteni hukaa mtungini kama maji na inahitaji joto ili igeuke hewa. Ikifika karibu na nyuzi sifuri inalala humo humo, haitoki. Wenyeji wanaosafiri wakati wa baridi hutumia propeni, ambayo hutoka hata baridi ikishuka mpaka nyuzi arubaini chini ya sifuri. Sisi hatukujua.

Akaniambia, "Naenda mjini kutafuta mtungi mwingine, nitarudi baada ya saa moja. Twende sote, garini mna joto." Nami, kwa kutotaka aone nimeshindwa, nikajibu, "Sina baridi mimi, nenda tu, nitakusubiri."

Alipoondoka nikalia kidogo. Kisha nikakumbuka kuwa mimi ni bibi harusi, na bibi harusi hamwachi mume arudi kwenye chumba kilichopooza. Begini nilikuwa na chetezo changu na udi alionifungia mama, pamoja na paketi ya makaa ya udi, yale ya duara yanayoshika moto kwa kiberiti. Nikasema nitamshangaza. Atarudi akute chumba kina joto na kinanukia kama nyumbani.

Kwanza nikatafuta baridi inapoingilia. Nikaona matundu mawili chini sakafuni na jingine darini. Nikayaziba yote matatu kwa khanga, nikayashindilia barabara. Halafu nikawasha makaa, si kipande kimoja kama ninavyofanya kwa udi. Nikawasha kumi, manne kwenye chetezo na sita kwenye sufuria. Nikaweka udi, nikakaa karibu yake na kunyoosha mikono. Wallahi nilifurahi. Harufu ilikuwa ileile ya chumba changu cha Malindi.

Baada ya muda kichwa kikaanza kuuma. Nikasema ni njaa. Kifaa kidogo cheupe kilichokuwa ukutani kikaanza kulia kwa sauti kali. Nikadhani ni kile cha moshi, kinachopiga kelele hata ukikaanga mandazi. Sikutaka majirani wa kambi wasikie, nikakitoa ukutani, nikakizungushia mtandio na kukisukuma chini ya mto. Nikawa nasikia kichefuchefu. Nikajilaza kidogo.

Nilichosikia baadaye ni mlango kufunguliwa kwa kishindo na mume wangu kuniita jina langu kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Alinishika mikono akanivuta nje. Mimi nampigia kelele, "Mtandio wangu! Mtandio wangu!" Akavua koti lake, akanifunika kichwani, huku akinivuta juu ya majani yenye barafu. Sikuweza kusimama. Miguu ilikuwa si yangu.

Akapiga namba ya ushauri wa afya, 111, na tukaambiwa twende hospitali bila kuchelewa. Huko walinitoa damu, wakanivisha barakoa ya oksijeni, na nikakaa nayo mpaka usiku mkubwa. Daktari alitueleza taratibu. Mkaa unapowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa gesi iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Ukiivuta, inakamata ile nafasi kwenye damu inayobeba oksijeni na haiachii kirahisi. Damu inazunguka lakini haichukui kile unachokihitaji. Kichwa kinauma, tumbo linachafuka, unasikia usingizi, na ukilala, hapo ndipo hatari ilipo. Yale matundu niliyoyaziba hayakusahauliwa na fundi. Yamewekwa makusudi ili watu walio ndani wapate hewa. Na kile kifaa nilichokificha chini ya mto ni kengele ya gesi hiyo hasa.

Nilijiuliza, mbona mama amepika kwa mkaa miaka yote na hatukudhurika? Jibu ni jepesi. Jiko letu liko uani na juu ni mbingu. Madirisha yetu ni ya kupitisha upepo, na hata chumba cha kufukizia udi mlango wake una pazia tu. Mkaa haukubadilika nilipouchukua Uingereza, nyumba ndiyo iliyobadilika. Na si Ulaya peke yake. Hata bara, kwenye mikoa ya milimani, tunasikia habari za watu walioingiza jiko la mkaa chumbani wapate joto, wakafunga mlango, na hawakuamka. Allah awarehemu.

Tukiwa tumekaa kwenye korido ya hospitali, mume wangu akaniuliza kwa upole, "Kwa nini hukunambia kama unasikia baridi?"

Nikamjibu kwa hasira, maana nilikuwa na aibu, "Na wewe kwa nini hukunambia kile kidude ni cha nini?"

Akanyamaza. Kisha akasema, "Niliogopa ukijua utaogopa kulala mle."

Tukatazamana. Yeye alinificha hatari asinitie hofu. Mimi nilimficha baridi nisimvunje moyo. Kila mmoja alimsitiri mwenzake, na sitara hiyo nusura inivishe sanda.

Asubuhi nilimtumia somo ujumbe wa sauti, nikamsimulia yote. Nilitarajia anionee huruma. Jibu lake nimelihifadhi mpaka leo kwenye simu. Alisema, "Mwanangu, nilikwambia usilalamike. Sikukwambia usiseme. Kulalamika ni kumtupia mumeo lawama kwa baridi ya Mungu. Kusema ni kumwambia, bwana, nasikia baridi, tufanyeje? Hapo unamshirikisha. Ukimficha haja yako, utampa vipi thawabu ya kuitimiza?"

Dada zangu, nililia tena, lakini kilio kingine.

Tulikuwa na usiku mmoja uliobaki. Mume wangu alitaka turudi nyumbani, mimi nikasema tukae. Alikwenda akanunua mtungi wa propeni na mpira wake unaofaa, fundi wa kambi akaufunga na kuikagua hita, na ile kengele ikarudi ukutani mahali pake. Jirani yetu, bibi mmoja wa Kiingereza mwenye umri kumzidi mama yangu, alikuwa ameona mkasa wa jana. Alikuja na mbwa wake, nikamwomba amfunge nje, akacheka akamfunga. Akaingia akatufunza yale ambayo yeye anayafanya kila mwaka.

Kwanza akanyanyua godoro letu. Akasema ukiwa na blanketi tatu, mbili ziende chini yako, maana godoro jembamba linapitisha baridi na mwili wako ndio unaopasha ile hewa ya chini bure. Akatuambia tusilale kabisa na nguo za mchana hata tukiziona kavu, kwani jasho limo ndani yake na unyevu huo ndio unaokula joto. Kuwe na nguo za kulalia za sufi na soksi zisizovaliwa kwa kazi nyingine. Nguo tatu nyepesi zinashinda sweta moja nzito, kwa sababu hewa inayokaa kati yake ndiyo inayohifadhi joto, na soksi zisibane, mguu ukibanwa unapoa. Tule chakula cha moto kabla ya kulala. Akanipa chupa yake ya mpira ya kutilia maji moto, niitie kitandani nusu saa kabla, kisha niilaze miguuni ikiwa imefunikwa kitambaa ili isiniunguze. Makoti yenye unyevu yakae garini. Asubuhi madirisha yafutwe kwa taulo na taulo likamuliwe nje.

Halafu akayatazama yale matundu, akanitazama mimi, akasema neno ambalo mume wangu alinifasiria hivi: hewa kavu ya baridi ni rahisi kuipasha kuliko hewa mbichi ya uvuguvugu. Ukiziba, unajifungia na maji yako mwenyewe. Acha wazi, ndipo utakauka na ndipo utapata joto.

Usiku huo hita iliwaka. Ile ni hita iliyofungwa na bomba linalotoa moshi wake nje, si kama jiko la kupikia, ambalo halifai hata siku moja kuachwa linawaka ili kupasha chumba. Matundu yalikuwa wazi na nilikuwa nayasikia yakipumua. Mume wangu akaniuliza, "Unasikia baridi?" Nikasema, "Ndiyo, miguuni." Akainuka akachemsha maji, akaijaza upya ile chupa. Neno moja tu, dada zangu. Ningelisema usiku wa kwanza nisingelazwa hospitali.

Sasa niseme jambo ambalo mabibi harusi huliona haya kuliuliza, na dini yetu haina haya katika kujifunza. Nalo ni josho la janaba kwenye baridi ile. Bafu za kambi zilikuwa mbali na njia imejaa barafu, na mimi nilikuwa nimetoka hospitali jana yake. Nikawaza kutayamamu. Mume wangu akanikumbusha kisa cha Amr bin al-Aas, radhi za Allah ziwe juu yake, katika vita vya Dhaatu Salaasil. Alipatwa na janaba usiku wa baridi kali, akachelea kuangamia, akatayamamu na kuwaswalisha wenzake. Alipoulizwa na Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, akaitaja hoja yake kutoka Suratun Nisaa, pale Allah anapokataza mtu kujiua nafsi yake. Mtume akacheka, wala hakumkemea. Lakini wanavyuoni wanatueleza kuwa ruhusa hiyo ni ya mwenye kuchelea madhara na asiye na njia ya kupasha maji, na wamezungumza pia juu ya kuirudia swala hiyo au kutoirudia. Sisi tulikuwa na jiko na gesi. Ruhusa haikuwa yetu.

Basi mume wangu akaamka kabla ya alfajiri, na huko alfajiri ya Disemba huingia kama saa kumi na mbili na nusu, kwa hiyo hakuna aliyedhulumiwa usingizi. Akafungua dirisha kidogo, akachemsha birika mara tatu, akachanganya maji kwenye ndoo, akanitandikia beseni na taulo sakafuni. Kisha akavaa koti akatoka, akasimama nje gizani ili nioge kwa faragha. Nikimwona kupitia dirishani, anapiga hatua mbili huku, mbili kule, na mvuke unamtoka mdomoni. Nilipomaliza, nikamwekea birika lake.

Nimepewa dhahabu na mume wangu siku ya harusi, namshukuru. Lakini ukiniuliza lini nilijua kuwa nimeolewa, nitakwambia ni alfajiri ile.

Kwa udhu wa swala zilizofuata tulivaa khofu, zile soksi za ngozi zinazofunika vifundo vya miguu. Ukizivaa ukiwa na udhu kamili, unapangusa juu yake badala ya kuosha miguu, mchana mmoja na usiku wake kwa mkaazi, na siku tatu na usiku wake kwa msafiri. Kwa josho la janaba lazima uzivue. Nyumbani tulisoma mlango huo madrasa tukaona ni habari za watu wa kale. Kule nilijua ni rehema iliyokuwa ikinisubiri. Kwa hukumu za hali yako mwenyewe, muulize sheikh wako.

Kwa hiyo, binti wa mama mdogo, na nyinyi wengine, ongezeni haya kwenye mabegi. Nguo za ndani za sufi jozi mbili na moja iwe ya kulalia tu. Chupa ya mpira ya maji moto. Khofu za ngozi. Kengele ya kaboni monoksidi, ijaribuni betri yake kila mnapolala mahali pageni, iwe karavani au chumba cha kupanga chenye hita ya gesi, na mumeo akuoneshe sauti yake kabla hujaihitaji. Ikilia, zimeni moto kama mnaweza, fungueni mlango, tokeni nje, kisha ndipo muulizane.

Udi pia uchukueni, siwakatazi. Mimi bado nafukiza, kipande kimoja, dirisha wazi.

Na mumeo akikuuliza kama unasikia baridi, mjibu ukweli.

Allah azijaalie ndoa zetu utulivu, mapenzi na rehema, na awahifadhi ndugu zetu wote wanaolala kwenye baridi bila ya paa. Aamin. Tuombeane dua.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.